Kulea Mzazi Kwenye Theluji

Wenzangu, kila Alkhamisi tunapokutana kwa Bi Shemsa hapa Qurum mnanitaka nikuelezeni safari, na kila nikianza mnanikatiza wote kwa pamoja. Mmoja anauliza theluji ikoje, mwengine anauliza habari za mkwe, mwengine keshahamia kwenye dhahabu ya harusi ya mtu. Nimechoka. Nimekaa nimeandika. Someni, asiyekuwa na miwani asomewe, na tusiulizane tena.

Ya tiketi na viza sitayasema. Yale hata mimi nataka kuyasahau.

Maskati: sanduku la papa

Mnajua nna mtoto mmoja tu, Zuwena, na mnajua mumewe Khalfan alipata kazi Stockholm, kwenye maabara ya dawa, wakahamia huko. Mwaka wao wa tatu sasa. Nyumba yangu ina vyumba vitano na mimi nalala kimoja. Aliponipigia simu kuniambia ana mimba, nilifurahi mpaka nikakaa chini, na kabla sijainuka nilishapanga kila kitu. Nitakwenda, nitamlea arobaini yake ya uzazi kama mama yangu alivyonilea mimi, halafu nitarudi naye Maskati, yeye na mtoto. Khalfan abaki na kazi yake, akichoka atawafuata. Mtoto mchanga hawekwi kwenye barafu kama samaki.

Nikamwambia kwa simu. Akasema, "Ukija tutazungumza, mama." Mimi nikaihisabu kuwa ni ndiyo.

Tulipomaliza Idi tu nikaanza kufunga mizigo. Hulba, asali, pilipili manga, tangawizi kavu, ndimu kavu, lubani, mafuta ya ufuta ya kumkandia, kitambaa cha mkaja cha kumfunga tumbo. Na papa mkavu, kwa sababu Zuwena alilia papa mimba nzima. Bi Shemsa ndiye aliyenipeleka uwanja wa ndege wa Seeb kwa gari yake, na njia nzima alinigombeza kuwa papa atanuka ndege yote. Nikamwambia nimemfunga mifuko minne. Basi alinuka, Bi Shemsa, nakiri mbele ya watu, furahi.

Nguo nilizochukua zilikuwa koti moja la marehemu mume wangu na viatu vyangu vya ngozi vyenye soli laini. Sikuwa na khofu. Baridi mimi naijua, nilijisemea, sisi si ndio watu wa kulala na eisi inavuma juu ya kichwa, blanketi mpaka puani, tukiamka mafua? Nikajiona bingwa.

Frankfurt: mama wa Barawa

Frankfurt ndege haikuondoka. Theluji ilikuwa inaanguka kama mtu anapepeta unga, na kila tukitazama ule ubao wa safari, saa yetu inasogezwa mbele. Watu wakaanza kujilaza kwenye viti. Mimi nikakaa na mkoba wangu mapajani, nimekasirika, kwa sababu Zuwena alikuwa keshajifungua siku chache nyuma na kila saa niliyokaa pale hakuna aliyemkanda.

Pembeni yangu alikaa mama mmoja mtu mzima, kajitanda vizuri. Akanisikia nnasoma dua, akaona na kanga yangu, akanisalimia kwa Kiswahili. Nusura nimkumbatie. Kumbe mtu wa Barawa ya Somalia, Bi Fatuma, alikimbia vita na wanawe na sasa anaishi hukohuko Stockholm. Kiswahili chao cha Barawa kina mwendo wake, lakini tulifahamiana, na pale palipogoma tukatia Kiarabu.

Jambo la mwanzo alitazama miguu yangu. Akasema viatu hivi ni vya harusini. Akafungua mkoba wake, akatoa soksi za sufu jozi mbili, akaniambia nivae pale pale mbele yake. Akanifundisha kutembea juu ya barafu: hatua fupi, unyayo mzima chini, magoti yalegee, usione haya kutembea kama bata. Mimi nikatoa chapati zangu na halwa, tukala. Mbele yetu alikaa Mjarumani mzee, anatutazama mikono tu. Nikamwita, nikamkatia kipande cha halwa. Masikini akatoa pochi anataka kunilipa. Tulicheka mpaka akacheka na yeye bila kujua anachekea nini, akala, akanyoosha mkono tena.

Bi Fatuma aliniuliza nnakwenda kufanya nini, nikamweleza mpaka ile nia yangu ya kurudi nao. Hakunipinga wala hakuniunga mkono. Alisema tu kuwa mwaka wake wa mwanzo kule alijifungia ndani msimu mzima kwa kuogopa baridi, na baridi haikumfanya kitu, kiza ndicho kilichomlaza kitandani. Kukiwa na mwanga, akasema, hata wa nusu saa, mtoe mwanao nje. Nikamwitikia "inshallah" ile ya kumaliza maneno. Mzazi wa siku kumi atoke nje? Nilimwona mwema sana lakini keshaharibika na ugeni.

Stockholm: ndani

Baridi ya kule sitaieleza sana maana hamtaniamini. Nilipotoka mlangoni pale uwanjani, nywele za puani ziliganda. Machozi yakanitoka, na Khalfan akadhani nalia kwa kumwona. Ile ya eisi mtu anaizima.

Lakini nyumbani kwao, gorofa ya tatu, niliingia nikaanza kuvua. Kuna mabomba ya moto chini ya kila dirisha, watu wanakaa na mikono mifupi. Zuwena alikuwa kitandani, kapauka, na mtoto kifuani, msichana, wamempa jina la Rayya. Nikambeba. Ana paji la uso la marehemu babu yake, lile lile, kama analaumu mtu. Basi pale nikalia kweli.

Siku ile ile nikashika kazi. Nikazungushia utepe wa karatasi madirisha yote, upepo usipate pa kupita. Asubuhi na jioni nikamkanda Zuwena kwa maji ya moto, nikamfunga mkaja mpaka akasema "Mama, nivute pumzi," nikampa uji wa pilipili manga na supu ya kuku. Papa akamla kwa machozi ya furaha. Mnajua mimi nikishika jambo.

Siku moja akaja nesi wa kutazama wazazi, kijana, mashavu mekundu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, nikampenda papo hapo. Nikampa chai ya tangawizi. Halafu akaanza kuzungumza na Zuwena, na Zuwena anainama. Nikauliza anasemaje. Anasema mzazi atoke kila siku atembee. Na mtoto afunikwe vizuri, alazwe mchana kwenye kigari chake nje, kwenye roshani, ndivyo wanavyolala watoto wa huku. Nikamwambia Zuwena amuulize tena, pengine hakumfahamu. Akamuuliza. Ni vile vile. Nesi akanitazama kwa huruma, na mimi nikamtazama kwa huruma zaidi. Alipoondoka nikaweka kiti kizito mbele ya mlango wa roshani.

Khalfan sikumuona sana. Kazini kwao walikuwa mbioni na kompyuta zao, wanasema eti mwaka elfu mbili ukiingia zitachanganyikiwa, basi anatoka kiza na kurudi kiza. Na kule kiza ni kitu cha kweli. Saa kumi alasiri, wakati sisi huku ndio kwanza tunafikiria kahawa, kule taa za njiani zimeshawashwa. Wiki ya mwanzo nilikuwa nafungua pazia nikidhani saa imeharibika.

Ile habari ya kurudi niliiweka mezani siku moja tunakula. Nikasema arobaini ikitimia tutaondoka sote watatu, mtoto akue kwenye joto na watu wake. Zuwena akasema, "Ntafikiri, mama." Khalfan akatazama sahani yake. Yule kijana hana mama, ananiita mama mimi, na kalelewa vizuri, hawezi kunijibu. Mimi nalijua hilo, na nililitumia.

Chini kabisa ya jengo kuna chumba cha mashine za kufulia, cha majirani wote. Mimi nikawa nashuka na nguo za mtoto wakati wowote, najipongeza kwa kutoamsha mtu. Siku moja mzee mmoja akaingia na kapu lake, akasimama ananitazama, akapanda zake. Jioni Khalfan akarudi masikio yamemwiva kwa haya. Kumbe kila nyumba ina zamu yake, na mimi kwa muda wote ule nimeshawanyang'anya zamu watu watano, hakuna hata mmoja aliyenambia. Nikapika sambusa nikawapelekea wote. Walizipokea kwa mikono miwili, na yule mzee akaniletea jemu ya matunda mekundu, chungu hiyo, sijui wanaipendea nini.

Zuwena alikuwa anakula na tumbo linarudi vizuri. Lakini alikuwa hazungumzi. Akishamnyonyesha mtoto anakwenda kukaa dirishani, kimya, anatazama watu wanaopita. Nikimuuliza anasema hana kitu. Mimi nikasema ni uchovu, na nikaongeza hulba kwenye uji.

Stockholm: mtoto wa watu

Siku hiyo tangawizi ilikuwa imekwisha, nikatoka mwenyewe kwenda dukani, nyumba chache tu kutoka pale. Nimevaa soksi za Bi Fatuma, natembea kibata bata. Theluji inaanguka. Mbele ya duka la mikate, nje, nikaona kigari cha mtoto. Nikachungulia. Mna mtoto ndani. Miezi mitatu au minne, pua nyekundu, theluji imekaa juu ya shuka lake. Peke yake. Hakuna mtu.

Nikasimama. Nikatazama kulia na kushoto. Akapita bwana mmoja, nikamwonyesha mtoto kwa mkono, akatabasamu akenda zake. Nilidhani mama yake kaanguka mahali, au mtu kamtupa. Nesi alisema roshani, hakusema njiani! Nikangoja, nikaita "Ya mama! Ya mama!" kama mwendawazimu. Dirisha la duka lilikuwa limejaa ukungu, sioni ndani, nikadhani limefungwa. Na yule mtoto akapiga chafya.

Wenzangu, nyinyi mngefanya nini? Nilimtoa. Nikafungua koti, nikamtia kifuani, nikamzungushia kanga niliyojitanda, nikaingia duka la pili yake, la maua, kwa sababu ndilo lililokuwa na taa na mlango wazi. Nikasimama katikati ya maua namsugua mgongo. Mwenye duka kaduwaa na mkasi mkononi. Mtoto akanitazama, hakulia, akalaza shavu lake.

Halafu nikasikia ukelele. Ule ukelele sitausahau, kwa sababu kila mwanamke anaujua, hauna lugha. Nikatoka mbio na mtoto. Nikamkuta msichana mdogo kuliko Zuwena, kashika kigari kitupu. Alimpokonya mtoto kifuani mwangu kwa nguvu mpaka kanga ikachanika. Watu wakajaa. Kiarabu kilinitoka, Kiswahili kilinitoka, Kiingereza changu cha dukani kikapotea chote.

Polisi walikuja wawili, mmoja mwanamke. Hawakunigusa wala hawakunipigia kelele. Walituingiza ndani ya lile duka la mikate, wakanikalisha kiti. Nikatoa kile kikaratasi Khalfan alichoniandikia namba za simu. Wakapiga kazini kwake, hawakumpata. Wakapiga nyumbani.

Nilijua nani atakuja, na niliomba asije. Mzazi, arobaini haijatimia, mkaja tumboni, kwenye theluji ile, kwa ajili yangu.

Akaja. Nilimwona kupitia mlangoni kabla hajaingia. Anasukuma kigari cha Rayya, koti limefungwa mpaka juu, kofia ya sufu, na anatembea juu ya barafu ile haraka, bila kutazama chini, kama nyinyi mnavyotembea ndani kwenu. Nilidhani atanijia mimi. Hakunijia. Alikwenda moja kwa moja kwa yule msichana, akapiga magoti mbele ya kiti chake, akamshika mkono, akazungumza naye polepole kwa lugha yao, kwa muda mrefu. Kisha akainuka akazungumza na polisi. Watu wote wakamgeukia kumsikiliza. Mwanangu ambaye karibu mwezi mzima hakunambia maneno kumi, pale alikuwa anasema na watu wanaitikia kwa vichwa.

Halafu akanigeukia. "Mwombe radhi, mama. Sema kwa Kiswahili, mimi ntamwambia."

Nikasema. Nikasema nilidhani kaachwa, kwetu mtoto hawekwi nje peke yake, mimi nna mjukuu wa umri karibu na huo, na nimemtia khofu ambayo nisingependa hata adui yangu aipate. Zuwena akafasiri. Msichana alikuwa bado analia, mtoto kambana. Akauliza kitu.

"Anauliza kama mtoto alilia," Zuwena akasema.

"Mwambie hakulia. Alilaza shavu."

Zuwena akamwambia. Yule msichana akafunga macho, akatikisa kichwa kukubali. Hakunisamehe kwa maneno, wala sikumdai. Akamrudisha mtoto kwenye kigari, akamfunika vizuri, akenda zake. Polisi waliandika jina langu, yule mwanamke akanigusa bega, wakaniachia.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa nimejiandaa kugombezwa, na ningekubali. Zuwena alinishika mkono mmoja, mkono mwengine anasukuma kigari, na hakwenda njia ya nyumbani, alizunguka bustani. Theluji ilikuwa imekatika, na jua limetoka, jembamba, la chini chini. Yule mzee wa jemu alipita, akamsalimia kwa jina, wakacheka kidogo. Uso wa mwanangu ulikuwa umerudi rangi.

Akanambia, "Mama, ukishuka kufua, mimi huondoa kile kiti. Husimama na Rayya roshani mpaka nisikie mlango wa chini."

Nilikuwa nawaza ule ukelele. Nilikuwa nimemtoa mtoto wa watu mahali mama yake alipomweka, kwa mapenzi, kwa nia njema kabisa, nimemfunika kanga na kumkimbiza kwenye joto. Na mama yake alikuwa nyuma ya kioo muda wote. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria hilo.

Kurudi

Siku zilizobaki tulitoka kila mchana. Sitasema nilizoea, lakini nilitoka. Ile habari ya kurudi nao sikuitaja tena, na wao hawakuitaja. Nilidhani imekufa yenyewe, na mimi ni mwoga wa maneno ya namna hiyo, nikaiacha.

Asubuhi ya safari nimekaa nimeshavaa, Khalfan ananibebea sanduku. Naona anarudi chumbani, anatoka na sanduku la pili, la kijani, na lile la tatu dogo. Nikamuuliza ya nani haya. Aliyaweka mlangoni, akaingia jikoni, nikasikia bomba la maji linafunguliwa na hakuna kinachooshwa.

Zuwena akatoka na Rayya, kamvisha nguo za njiani. Macho yamevimba.

"Uliniambia arobaini ikitimia," akasema. "Imetimia. Sijawahi kukuvunjia neno, mama. Ukisema twende, ntakwenda, na Khalfan karidhia, keshatukatia na tiketi."

Jamani. Kila nilichokwenda kukitaka kilikuwa mlangoni, kimefungwa na zipu. Ningesema neno moja tu, na leo hii huyo mtoto angekuwa hapa Qurum anatambaa kwenye mazulia yangu, na nyinyi mnagombania kumbeba. Baridi ilikuwa kisingizio, nakwambieni wazi. Mtoto hakuwa na baridi. Ni mimi niliyekuwa nawataka, mimi na vyumba vyangu vitano.

Nikavua koti. Nikalilaza sanduku la kijani pale pale sakafuni, nikakaa chini nalo.

"Njoo tufungue," nikamwambia.

"Mama, una hakika?"

"Sina. Njoo tufungue kabla sijabadilika."

Akampelekea Khalfan mtoto jikoni, akarudi akakaa mbele yangu. Nikawa natoa nguo moja moja nampa, yeye anazipanga mapajani, vifulana, visoksi, vikofia vya sufu, na analia kilio ambacho hakulia hata siku niliyofika. Kila kilichotoka kilinichoma, na sikusimama mpaka lile sanduku likabaki tupu.